Mzee Mlangoni, Jumapili Hii Keti

Mzee Mlangoni ameitumikia meli hii miaka thelathini na miwili na miezi minne, na leo Jumapili, tarehe kumi na tisa, ndiyo siku yake ya mwisho kazini. Kesho Jumatatu abiria wapya watapanda, na hawatamkuta pale penye mlango wa ukumbi mkubwa wa chakula, kitambaa cheupe kimening'inia mkono wa kushoto, akiwaambia kwa sauti ya chini kwamba ibada iko kulia na mayai yako kushoto.

Vijana wa ofisini walikuwa wameshaandika wasifu wake. Nikasomewa. "Mtumishi hodari, mchapakazi, mwenye nidhamu." Nikawauliza, huyu ni mtu au ni barua ya kuombea kazi? Maneno hayo hata punda anaweza kupewa akistaafu. Wakatazamana, mmoja akanisukumia kalamu. Basi nimeandika mimi wa chumba cha nguo, mnayeniita Bibi Pasi mkidhani sisikii. Shule yangu ni darasa la nne, sifichi. Lakini vitambaa vya meza vya mtu huyu nimevipiga pasi miaka ishirini na sita, na kitambaa cha meza hakijui kuficha siri. Atakayeona herufi imepinda aitazame, aipite, kama mtu aliyelelewa.

Alianzia chini, na nikisema chini namaanisha chini: sitaha ya pili, kwenye sinki la masufuria, mahali ambapo mtu hajui kama nje ni mchana au kuna mvua. Wachache waliobaki wa enzi hizo wanasema alikuwa akiimba nyimbo za ibada huku anasugua, mpaka mpishi akamwambia achague moja, aimbe vizuri au aoshe vizuri. Akachagua kuosha. Miaka miwili baadaye akavalishwa koti jeupe na kupewa sinia. Siku ya kwanza bahari ilichafuka, naye akapita katikati ya meza na mabakuli saba ya supu bila kudondosha tone. Kesho yake meli imetia nanga, sakafu imetulia kama ya msikitini, akamwaga bakuli la nane kwenye mapaja ya jaji mmoja mstaafu. Tangu hapo anasema haiamini sakafu isiyotikisika.

Mwaka wa sita akawa mkuu wa wahudumu. Hapo ndipo Jumapili ilipoanza.

Ninyi mliokuja juzi mnadhani Jumapili ya meli hii ilikuja pamoja na bomba la moshi. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Zamani Jumapili ilikuwa Jumanne iliyobadilishwa jina. Mayai yale yale, supu ile ile, na abiria aliyetaka kuomba aliomba chumbani kwake, kapiga magoti kati ya kitanda na sanduku. Mzee akapanda ngazi kwenda kwa mkuu wa huduma wa wakati huo, sinia bado liko kwapani, akamwambia kwamba watu wa nchi kavu wakiamka Jumapili wanajua ni Jumapili, lakini baharini mtu huamka hajui hata amekuwa nani. Aliomba upande wa kulia wa ukumbi wa chakula, kuanzia saa nne mpaka saa tano asubuhi. Akapewa, kwa sharti kwamba isichelewe sahani hata moja.

Ndipo ikazaliwa Karatasi ya Jumapili, ile inayopenyezwa chini ya kila mlango siku ya Jumamosi. Upande mmoja chakula: uji, mayai na mkate mpaka saa tatu na nusu, kuku wa kuoka saa saba, chai na keki saa kumi, na usiku chakula cha suti na magauni. Upande wa pili ibada: misa saa mbili kwenye ukumbi wa sinema, ibada ya wote saa nne, na chumba cha vitabu kwa anayetaka kukaa kimya na Mungu wake bila kuimbiwa na mtu. Waislamu nao hakuwasahau. Ijumaa alitandika mashuka safi kwenye chumba kile kile cha vitabu, na kabla ya kutandika alipanda kwa nahodha kuuliza meli imeelekeza pua wapi, ili watu wasije wakaswali kuelekea jikoni. Bibi mmoja abiria aliwahi kumlalamikia kwamba karatasi yenyewe imejaa mno, hajui aanze kushibishwa au kuokolewa. Mzee akamjibu, "Anza na kile kinachopoa haraka, mama." Bibi yule alirudi kusafiri nasi mara tisa.

Madhabahu yetu, kama hamjui, ilikuwa toroli la keki. Lilifunikwa kitambaa changu kirefu mpaka sakafuni, magurudumu yasionekane, na chini ya kila gurudumu Mzee alichomeka leso ya mezani iliyosokotwa. Kuna Jumapili leso moja iliteleza. Toroli likaanza safari yake polepole, na Biblia, na chombo cha maua, likiwaendea waimbaji. Mzee alikuwa ameketi mstari wa mwisho, toroli likapita karibu naye kwa sababu ya jinsi meli ilivyoinama, naye akanyoosha mguu tu, likasimama. Hakuinuka. Mchungaji hakukatisha sala. Nilikuwepo, nilicheka ndani ya skafu mpaka nikalia.

Nimesema alikuwa ameketi. Shikeni hapo.

Wakati ule alikuwa anaketi. Mstari wa mwisho, kando ya nguzo, na kiti cha pembeni yake kilikuwa wazi daima. Akija abiria kutaka kukikalia, Mzee alimwonyesha kingine kwa heshima zote, hata kama ukumbi umejaa. Tulidhani ni majivuno ya ukubwa. Kumbe ni mke wake. Wifi yetu ni mshonaji, alibaki nyumbani na watoto na cherehani, na kabla ya safari ya kwanza wawili hao walipeana ahadi: kila Jumapili yeye atakaa ibadani kwao na kiti kitupu kando yake, na mume atakaa huku vivyo hivyo. Saa za bahari na za nyumbani hazikulingana, lakini viti vililingana. Wengine hupeana pete. Hawa walipeana viti.

Ikaja Jumapili ya saa.

Meli inayokwenda mbali hubadilisha saa njiani. Kuna siku nahodha hutangaza kwamba kila mtu airudishe saa yake nyuma kwa saa moja. Jumamosi moja, miaka ishirini na mitatu iliyopita, tangazo likatoka. Mzee, mtu wa utaratibu, alisubiri meza zifutwe, akapanda kiti, akairudisha saa ya ukutani ya ukumbi wa chakula. Hajawahi kuvaa saa mkononi akiwa kazini. Anasema saa ya mkono hugonga sahani, na mgeni akisikia sahani inagongwa anadhani anafukuzwa. Kwa hiyo saa ya ukutani ndiyo iliyoongoza watu wote wa pale, kuanzia wapishi mpaka wachoma mkate.

Alipotoka, akaingia mtu wa pili kutandika vitambaa vya asubuhi. Akakuta kiti kimeachwa chini ya saa. Akadhani wanaume walianza kazi wakaisahau katikati, kama ilivyo desturi yao. Akapanda, akairudisha nyuma tena.

Asubuhi ya Jumapili ukumbi wa chakula ulikuwa nyuma ya meli nzima kwa saa moja. Waliochelewa kuamka wakafurahi kukuta mayai bado yapo, wakaitana. Saa nne kamili mchungaji akaingia, Biblia kwapani, nyuma yake waimbaji, wamama sita wenye skafu za bluu, wakakuta upande wa kulia umejaa watu wanaotafuna. Saa ya ukutani inasema saa tatu. Saa ya mchungaji inasema saa nne. Mzee alikuwa ameshika birika. Akatazama ukuta, akamtazama mchungaji, akatazama ukuta. Anasema hapo ndipo alipoelewa kwa nini watu husema bahari ina kina.

Mchungaji yule alikuwa na akili za kuzaliwa nazo. Akawaomba walaji wasogee kidogo, waumini wakajipenyeza kati ya sahani, ibada ikaanza. Watu waliimba uma mkononi. Baba mmoja ambaye hakuwahi kuomba tangu siku ya harusi yake alijikuta ameshikishwa kitabu cha nyimbo na vidole vya siagi, na alama ya siagi iko mpaka leo, ukurasa wa arobaini na mbili, kaangalieni. Waliokuja kuomba wakamiminiwa chai. Wageni kwa wageni wakapitishiana chumvi wakati wa maombi. Sijaona tena Jumapili yenye kelele nzuri kama ile.

Lakini hapakosi mtu. Bwana mmoja na familia yake walipanda juu kushtaki. Alisema alipanda meli ale, si aombewe kichwani mdomo ukiwa umejaa.

Mkuu wa huduma wa wakati ule, Mungu amrehemu, alikuwa mtu aliyenyooka kama rula na mwenye huruma kama rula. Akamwita Mzee. Akauliza nani aliigusa saa. Mzee hakuuliza amejuaje, hakumtaja mtu, hakusema hata "labda". Alisema, "Saa ni ya ukumbi wangu, kosa ni langu." Akapewa barua ya onyo, na juu ya barua akapewa amri ya mdomo: kuanzia siku ile, ibada ikiendelea, hataketi. Atasimama mlangoni, jicho moja jikoni, jicho moja ibadani, chakula kisiingie kwenye sala wala sala isiingie kwenye chakula.

Jumapili iliyofuata akasimama. Na Jumapili hiyo hiyo abiria wakaanza kuuliza, kile chakula cha kuimba kiko wapi? Wakauliza na iliyofuata. Kampuni haitupi kitu ambacho abiria wanakipenda, kwa hiyo ikaandikwa kwenye Karatasi: Meza Ndefu, saa tano, baada ya ibada. Meza zinaunganishwa kuanzia nguzo mpaka dirishani, aliyeomba anakaa na asiyeomba, na hakuna anayeulizwa. Meza Ndefu hiyo ndiyo mnayopiga nayo picha. Meli nyingine zimeiiga. Ilizaliwa na kosa, walioshiba ni maelfu, na aliyebaki amesimama ni mmoja. Mfinyanzi hulia gaeni.

Miaka ikaenda. Wakuu wa huduma wamebadilika watano. Zulia limebadilishwa mara nne. Vijana wakaja wakamkuta pale, wakadhani ndiyo kazi yake aliyoajiriwa, wakambatiza Mlangoni. Aliwafundisha wengi. Leo wapo wanaoongoza kumbi kubwa kuliko yetu, na hakuna aliyepita mikononi mwake anayenitupia kitambaa kilichofinyangwa na kulowa mchuzi ndani. Ninyi wa sasa ndio mnaonitupia. Najua ni meza zipi, sitaji leo kwa sababu ni sherehe. Ni yeye pia aliyedai wafanyakazi nao tule Jumapili saa tisa kwenye ukumbi ule ule, kwenye meza yenye kitambaa, tukihudumiwa na wakuu wetu. Mara ya kwanza fundi wa mitambo alishindwa kumeza, akamwambia nahodha aliyekuwa anamwekea viazi, "Mkuu, ukiendelea kunitazama hivyo nitaomba msamaha na sijafanya kitu."

Watu wanaona hayo na kusema Mzee ana furaha ya kusimama. Nami nilisema hivyo. Nilijiambia hivyo miaka mingi.

Lakini aliyekuwa akijua ni wifi. Likizo Mzee alirudi nyumbani, na Jumapili wakaenda ibadani wote wawili. Basi mtu angedhani kiti kimepata mwenyewe. Mzee alifika mlangoni, akamtanguliza mkewe ndani, akabaki. Aliwaonyesha wazee nafasi, akafunga dirisha linalogonga, akachukua miavuli ya watu. Ibada ikaisha amesimama. Akiketi, alimwambia mkewe, anasikia vyombo vinaanguka. Kwa hiyo mume alipokuwa baharini kiti kilikuwa kitupu, na mume alipokuwa hatua arobaini nyuma yake kiti kilikuwa kitupu. Waumini walipoongezeka wakamwomba wifi aachie nafasi. Akaweka mkoba wake juu ya kiti, akawaambia kuna mtu. Siku moja akamwuliza mumewe, "Mlangoni husimama mgeni au mwizi. Wewe ni yupi kati ya hao?" Mzee alinisimulia hayo huku anacheka, na kitambaa alichokuwa nacho mkononi alikikunja, akakikunjua, akakikunja tena.

Jumanne iliyopita alikuwa anamkabidhi mrithi wake makabati. Akaja chumba cha nguo, nikadhani ameleta vitambaa. Akafungua kiganja. Ndani yake mlikuwa na kifungo cha bluu. Sare zenye vifungo vya bluu ni za chumba cha nguo peke yake, na wakati ule aliyekuwa amepungukiwa kifungo pale kifuani alikuwa mmoja. Alikiokota juu ya kiti, chini ya saa, asubuhi ile ile ya Jumapili, kabla hajaitwa juu. Alikihifadhi kwenye mtoto wa meza, pamoja na kizibuo. Akaniambia, "Kishone sasa, dada. Umekaa kifua wazi miaka ishirini na mitatu, utapata homa."

Basi na lisemwe, na liandikwe, maana nimewakaripia wengi humu kwa makosa madogo kuliko hili. Mtu wa pili aliyepanda kile kiti ni mimi. Nilikuwa na miaka mitatu tu melini, nyumbani nimeacha wajukuu wawili wanaonitegemea, nikaogopa nitashushwa bandari inayofuata. Nikasema nitamwambia wiki ijayo. Wiki ijayo hiyo haikufika. Yeye alijua, akanisalimu kila asubuhi, akaniuliza hali ya magoti yangu, na hakunitupia kitambaa kilichofinyangwa hata siku moja. Ningependa kusema nilikuwa silali. Nililala. Hilo ndilo linalonitia aibu.

Siku ile ile nikapanda kwa mkuu wa huduma wa sasa, kijana ambaye wakati amri ile inatoka alikuwa bado anapanguswa kamasi. Nikamweleza yote, nikamwambia aifute. Akafungua mafaili, akatafuta kwenye kompyuta, akampigia mtu simu. Barua ya onyo ilikwisha muda wake zamani. Amri ya kusimama haikuandikwa mahali popote. Akaniambia kwa upole, "Bibi, hakuna cha kufuta. Hakuna anayemzuia." Mzee alikuwa akiishika peke yake, jinsi mtu anavyoendelea kushika mzigo baada ya mwenye mzigo kwenda zake.

Nikashuka nikampa habari hizo. Mnajua alichosema? "Nimeshazoea, dada. Halafu nani ataangalia supu?"

Supu! Leo meli imefungwa gatini, hakuna abiria hata mmoja, ibada ni yetu na familia zetu, na mtu huyu anawaza supu.

Sasa Mzee, nageuka kwako, maana adabu ya wasifu inataka tumalizie kwa kukushukuru. Tunakushukuru kwa Jumapili zote. Tunakushukuru kwa karatasi za chini ya mlango, kwa Ijumaa ulizopanda kuuliza pua ya meli, kwa Meza Ndefu, kwa vijana uliowafundisha kutembea bila kugonga kitu. Mimi nakushukuru kwa neno moja ambalo hukulisema, na nakuomba radhi kwa neno moja ambalo sikulisema. Uende nyumbani na afya yako, mle wawili chakula kilichopikwa na mtu mwingine, na chai yenu isipoe mkisubiriana.

Supu imepata mtu. Ni mrithi wako, na nimemwambia ikiungua nitampiga pasi yeye. Viti viwili vya mstari wa mwisho, kando ya nguzo, nimevivalisha vitambaa vyeupe, nimevipiga pasi mwenyewe, kona kwa kona. Kimoja kina mtu tayari. Alipanda jana na sanduku dogo, akaomba aonyeshwe nguzo kabla hata hajaonyeshwa chumba cha kulala. Kingine kina mkoba wake juu, na anasema atauondoa kwa mtu mmoja tu.

Karatasi hii umepewa hapa mlangoni, kama wengine wote, na aliyekupa ni mimi. Nitazame: sare ina vifungo vyote. Jicho moja liko jikoni, jicho moja liko ibadani, na leo mlango huu ni wangu.

Pita, ukae.